Gari inachemsha kwenye foleni tu, ikipata mwendo inapoa. Nianzie wapi?

kimara_mwisho

Habari za leo wakuu. Naomba ushauri kabla sijatoa hela nyingine.

Gari ni Toyota IST ya 2004, injini 1NZ-FE, imetembea kilomita 178,000. Kazi yake ni Kimara hadi Posta na kurudi. Ikikaa kwenye foleni dakika 15 joto linapanda, maji yanarukia kwenye tangi la akiba na harufu ya moto inaingia ndani. Foleni ikifunguka ikapata mwendo wa 60, inapoa yenyewe.

Kifaa cha OBD (kinachosoma kompyuta ya gari) kwenye simu kinasoma hivi: mwendo wa 80 bila kusimama, nyuzi 68 hadi 70. Kwenye foleni, 108 hadi 112, na ukiwasha AC inapanda haraka zaidi. Zamani lita moja ilikuwa inakwenda kilomita 14, sasa 10 kwa shida.

Vilivyobadilishwa: rejeta (ya mtumba), pampu ya maji (mpya), feni (ya mtumba, soketi haikuingia, ikakatwa, nyaya zikaungwa kwa mkono). Ndani kuna maji ya bomba. Fundi mmoja anasema gasketi ya hedi (inayoziba kati ya hedi na bloki) imeungua, hedi itolewe ikaskimiwe, yaani ikasawazishwe kwa mashine. Mwingine anasema niuze tu, hiki ni kimeo. Mnaoifahamu injini hii, nisaidieni.

spana_kumi

Mkuu, hedi isiguswe bado. Vipimo ulivyoandika vinasema kitu kingine kabisa.

Gasketi ikiungua, moto wa silinda unaingia kwenye njia za maji, na hali inakuwa mbaya zaidi injini inapofanya kazi nzito: kupanda mlima, kubeba watu watano, kukimbia 100. Gari yako inafanya kinyume, inapoa ikikimbia. Anayechemsha akiwa amesimama na kupoa akitembea, mara nyingi shida yake ni hewa kupita kwenye rejeta. Gari ikitembea, upepo wa barabarani unafanya kazi ya feni. Ikisimama, feni imebaki peke yake.

Kuna tatizo la pili ambalo hujaliuliza. Nyuzi 68 kwenye mwendo wa 80 ni baridi mno. Themostati, ile valvu inayofungulia maji kwenda rejeta yakipata moto, kwa injini hii inaanza kufunguka kati ya nyuzi 80 na 84, kwa hiyo injini iliyopata moto haitakiwi kukaa 68. Ama themostati imekwama wazi, ama, na hili ndilo naliona zaidi, iliondolewa na nafasi yake ikafungwa tupu. Ndiyo maana mafuta yanaliwa: kompyuta inadhani injini bado haijapata moto, inaendelea kuongeza petroli.

Sasa feni. Soketi ilikatwa, nyaya zikaungwa kwa mkono. Feni hizi mota yake ni ya brashi, ukigeuza nyaya mbili inazunguka upande wa pili, na kwa macho unaona inazunguka vizuri tu. Fanya hivi: gari ikiwa imesimama, injini inaunguruma, washa AC ili feni iwake. Chukua karatasi moja ya daftari, iweke mbele ya kondensa (ile rejeta ya AC iliyo mbele) kupitia kwenye grili, kisha iachie. Feni iliyo sawa inaivuta karatasi na kuigandisha pale. Ikiwa karatasi inasukumwa kukurudia, feni inapuliza mbele badala ya kuvuta. Hapo gari ikisimama rejeta inapata hewa ile ile ya moto ya kwenye injini, na ukiwa kwenye mwendo wa kati feni inapigana na upepo.

Angalia pia kama kava la feni lipo zima. Feni ikifungwa bila kava inavuta hewa ya pembeni na kuacha sehemu kubwa ya rejeta bila upepo. Halafu chungulia kati ya kondensa na rejeta kwa tochi. Pale hujaa vumbi, majani na wadudu, na ukiosha gari kwa mbele huwezi kupaona. Safisha kwa maji ya msukumo mdogo ukitokea upande wa injini kwenda mbele. Mashine ya presha inalaza mapezi ya rejeta, usiitumie.

mvita_baharini

Nakubaliana na aliyetangulia. Naongeza kuhusu themostati na maji, kwa sababu hapa pwani ndipo gari nyingi zinaharibikia.

Makanika wengi Mombasa, na naamini huko Dar ni hivyo hivyo, wanaitoa themostati wakisema nchi yetu ni ya joto, hiyo ni ya Ulaya. Si kweli. Themostati haipo kwa ajili ya baridi ya nje. Ipo ili injini ifike kwenye joto lake la kazi na kubaki hapo. Injini isiyofika huko inachanganya petroli na mvuke wa maji kwenye oili, oili inaharibika na kuwa tope. Na katika injini nyingi, ukiitoa kuna njia fupi ya maji inayobaki wazi, maji yanazunguka ndani ya bloki bila kupitia rejeta yote. Kwa hiyo ile dawa ya kuchemsha inaweza kuongeza kuchemsha.

Kununua: peleka namba ya fremu dukani, chukua ya nyuzi 82 yenye oringi yake mpya. Kabla ya kufunga ipime jikoni. Ining'inize kwa uzi ndani ya sufuria ya maji isiguse chini, weka kipimajoto, pasha polepole. Ianze kufunguka kati ya 80 na 84, na maji yakifika 95 iwe imefunguka milimita 8.5 au zaidi. Ikifunguka kwenye 70, au ikibaki na mwanya ikiwa baridi, irudishe dukani. Ukiifunga, kile kivalvu kidogo kinachochezacheza kikae juu, maana ndicho kinachotoa hewa.

Kuhusu maji: ya bomba na hasa ya kisima yana chumvi na chokaa. Bloki na hedi ya injini hii ni aluminiamu. Chumvi inaila aluminiamu, chokaa inaganda kwenye mirija ya rejeta, na rejeta ya mtumba tayari ilikuja na ya kwake. Kulanti si maji ya rangi. Ina dawa ya kuzuia kutu, inalainisha sili ya pampu na inapandisha kiwango cha kuchemka. Ile pampu mpya uliyofunga haitadumu kwenye maji matupu.

Usinunue kulanti kwa rangi, soma chupa. Toyota ina nyekundu ambayo ni nzito, unaichanganya nusu kwa nusu na maji safi, na inabadilishwa kila kilomita 40,000 au miaka miwili. Ya pinki imeshachanganywa, inamiminwa kama ilivyo. Ukiongeza maji umeiharibu. Mfumo mzima unabeba karibu lita 5. Maji ya kuchanganyia yawe yaliyochemshwa na kukusanywa mvuke, yale yanayouzwa kama maji ya betri. Soma lebo vizuri, kwa sababu asidi ya betri nayo inauzwa kwenye chupa inayofanana sana.

Kusafisha kabla ya kujaza: injini iwe baridi kabisa. Fungua bomba la chini ya rejeta, mwaga, jaza maji safi, washa mpaka ipate moto huku hita ikiwa upande wa moto, zima, subiri ipoe, mwaga tena. Rudia mpaka yatoke meupe. Kwa gari iliyokaa na maji ya bomba muda mrefu, tarajia mara tatu au nne. Ukijaza kulanti, mimina polepole, binya paipu ya juu na ya chini kwa mkono, acha injini iungurume mfuniko ukiwa wazi mpaka themostati ifunguke na mapovu yaishe. Pua ya gari ikiinuka kidogo hewa inatoka upesi. Hewa ikibaki ndani, hata kila kitu kikiwa kipya itachemsha.

kimara_mwisho

Asanteni sana, mmenifungua macho. Majibu ya vipimo:

Karatasi haikushika, ilisukumwa mpaka ikatoka nje ya grili. Nyaya za feni zimegeuzwa, sasa karatasi inaganda. Nyumba ya themostati imefunguliwa: tupu, hakuna kitu, imejazwa gundi nyekundu. Themostati mpya imepimwa kwenye sufuria, imeanza kufunguka kwenye 82, imefungwa. Mfumo umeoshwa mara nne, maji ya kwanza yalikuwa rangi ya chai ya rangi. Imejazwa kulanti nyekundu lita mbili na nusu na maji kiasi hicho hicho.

Sasa mwendo wa 80 inasoma 86 hadi 89. Foleni ya saa nzima AC ikiwa imewashwa, inafika 96, feni inawaka, inashuka 91, inapanda tena. Imebaki moja: kila baada ya siku nne au tano rejeta inapungua karibu glasi moja, lakini tangi la akiba limejaa mpaka juu ya alama ya FULL. Na hofu ya gasketi bado ninayo, kwa sababu ilishafika 112 mara nyingi.

hedi_na_bloki

Hongera kwa kupima badala ya kubahatisha. Hofu yako ina msingi, aluminiamu iliyopashwa hivyo mara nyingi inaweza kupinda, kwa hiyo pima uwe na uhakika.

Asubuhi kabla ya kuwasha, shika paipu ya juu ya rejeta. Iwe laini. Ikiwa ngumu wakati injini imelala usiku kucha, kuna gesi inaingia kwenye maji. Vuta kijiti cha oili na ufungue mfuniko wa oili: ukiona ukungu wa rangi ya maziwa, maji yamechanganyika, ingawa utando mwembamba kwenye mfuniko pekee unaweza kuwa umetokana na injini kukaa baridi muda wote ule bila themostati. Kipimo cha uhakika zaidi ni kile cha dawa ya buluu inayowekwa kwenye mdomo wa rejeta injini ikiunguruma: ikigeuka njano kuna gesi ya moshi.

Kisha kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya kila silinda. Injini iwe na moto, plagi zote nne nje, soketi za injekta zimechomolewa, pedali ya mafuta chini mpaka mwisho, piga stata. Silinda nzima inatoa karibu psi 213, chini ya 156 ni mbovu, na tofauti kati ya silinda na silinda isizidi psi 14. Silinda mbili zilizo jirani zikiwa chini kwa pamoja, hapo ndipo gasketi inashukiwa.

Ikibidi kweli kutolewa, simama hapo hapo fundi akifanya kazi. Hedi inawekewa rula ya chuma na filagenji (vibati vyembamba vya kupimia mwanya): kupinda kusizidi milimita 0.05. Na bloki ipimwe pia, watu wengi wanaskimu hedi wakasahau bloki. Bolti ni 10, zinakazwa kuanzia katikati kwenda nje: kwanza Nm 29 kwa spana ya toki, kisha unazungusha bolti nyuzi 90 (robo mzunguko), kisha nyuzi 90 tena. Anayekaza kwa kukisia mkono, msimamishe.

spana_kumi

Kwa hilo la glasi moja: tangi kujaa huku rejeta ikipungua, angalia mfuniko wa rejeta kwanza. Una vali mbili. Ile kubwa yenye springi inaachia maji yakizidi presha iliyoandikwa juu, kwa gari hii 1.1. Presha hiyo ndiyo inayofanya maji yasichemke mpaka yapite nyuzi 120. Ile ndogo ya katikati inafunguka injini ikipoa, ili maji yarudi kutoka kwenye tangi. Mpira wake ukikauka au ukishikwa na chokaa, maji yanaenda lakini hayarudi.

Injini ikiwa baridi, ufungue, vuta ile sahani ndogo ya katikati kwa kucha. Itoke kidogo na irudi yenyewe. Ikiwa imeganda au mpira mkubwa una mstari uliokatika, nunua mpya yenye namba ile ile 1.1. Usichukue ya namba kubwa ukidhani ni bora, utapasua vichwa vya plastiki vya rejeta. Angalia pia kampira kembamba kati ya mdomo wa rejeta na tangi: kakiwa na tundu, kanavuta hewa badala ya maji. Na ncha yake ndani ya tangi lazima izame chini ya maji.

Ukibadilisha, jaza rejeta mpaka mdomoni, punguza tangi hadi kati ya LOW na FULL, weka alama kwa kalamu ya wino, angalia kila asubuhi kwa wiki mbili. Alama ikishuka mfululizo na chini hakuna tone, rudi kwenye kile kipimo cha dawa ya buluu.

kimara_mwisho

Sahani ndogo imeganda kabisa, haivutiki. Mfuniko una chokaa nyeupe pande zote. Naenda kwenye maduka ya spea ya Gerezani kesho asubuhi, na huu wa zamani naubeba mfukoni nilinganishe namba.