Likizo ndefu na watoto wa chekechea: unga, rangi au kuti la mnazi?

Umm_Wawili, Kisauni

Asalaam aleikum wapenzi. Shule zimefungwa mpaka Januari, kaskazi imeingia hapa Mombasa, na nyumbani nina wawili: msichana wa miaka 5 aliyemaliza PP1 (mwaka wa kwanza wa chekechea), na mdogo wake wa kiume wa miaka 3 na nusu ambaye kila anachookota lazima kwanza akionje. Tunakaa ghorofa ya tatu, ua hatuna, na kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa kumi siwezi kuwatoa kwenye jua hili. Simu nimeificha. Nataka mikono yao iwe na kazi.

Nimeulizia kambi za likizo, lakini ukilipia wawili na nauli juu yake, haiwezekani kila siku. Kwa hiyo nalinganisha mambo matatu ya kufanyia sebuleni: unga wa kuchezea, rangi na karatasi, au kusuka makuti kama tulivyofundishwa sisi na nyanya zetu. Lipi litawashika zaidi ya siku mbili? Lipi halitanivunja mgongo kwa kusafisha? Na lipi ni salama kwa huyu mdogo?

Mwalimu_wa_Chekechea, Tudor

Waaleikum salaam Umm. Mimi nafundisha watoto wa umri huo, na kwa huyo wa miaka 3 nasema unga bila kusita. Vikombe 2 vya unga wa ngano, nusu kikombe cha chumvi laini, vijiko 2 vikubwa vya mafuta, kisha maji ya moto kidogo kidogo kama kikombe kimoja, uukande mwenyewe mpaka upoe ndipo uwape. Ukitaka rangi ya njano tia bizari, ila uwavalishe nguo za zamani maana bizari haitoki.

Usimwambie atengeneze kitu. Mpe mwiko, kifuniko cha chupa na kijiti, umwache. Atabonda, atakata, atavuruga aanze tena. Vidole vinavyokanda unga leo ndivyo vitakavyoshika penseli PP1. Mkubwa mwambie aviringishe nyoka warefu aandikie jina lake.

Kuhusu kuonja: ni chumvi tupu, wengi hulamba mara moja wakatema. Lakini kaa naye, kwa sababu akila bonge zima chumvi hiyo ni nyingi mno kwa mwili wa mtoto.

Baba_Likoni

Mwalimu, unga nimeupima na Mombasa yetu haiupendi. Chumvi inanyonya unyevu wa hewa, na hewa ya hapa waijua. Mwaka jana wanangu walitengeneza nyota na samaki, tukavianika juu ya mabati vikakauka vizuri, nikavitundika mlangoni. Wiki ya pili vilikuwa vinatoka jasho. Samaki wa binti yangu alikatika mkia akalia mchana kutwa, kisha wakaja sisimizi.

Sisi sasa tunatengeneza majahazi ya champali (ndara) kuukuu. Kisu nashika mimi: nachonga omo, yaani ncha ya mbele, upande mmoja, natoboa tundu katikati. Mtoto anachomeka chelewa, ule uti mgumu wa ukuti, iwe mlingoti, anachagua kipande cha leso (kanga) kiwe tanga, anakitia gundi. Halafu beseni la maji na kupepea kwa kawa ya chakula. Jahazi moja limekaa miezi. Na nimewasimulia habari za lile jahazi la Flipflopi lililoundwa Lamu kwa taka za plastiki na kufunikwa ndara kama 30,000, likashushwa majini 2018 na mwaka uliofuata likasafiri mpaka Zanzibar. Tangu hapo kila wakiona champali imetupwa ufukweni wananiletea.

Mwalimu_wa_Chekechea, Tudor

Baba, hapo kwa pambo la kutundika nakubaliana nawe kabisa. Mimi nasema unga wa kuchezea, si wa kuweka. Ukimaliza tia kwenye kopo lenye kifuniko cha kubana, friji kama ipo. Ukianza kunata, nyunyiza unga mkavu ukande tena. Ukinuka, tupa.

Bimkubwa_Kibokoni

Mwanangu Umm, umetaja kusuka, nami nimefurahi kwa sababu watoto wa mjini siku hizi hawajui hata ukuti una uti. Lakini usianze na miyaa, yale majani ya kusukia mikeka. Miyaa ni migumu, kingo zake zinakata, na ukili, ule ukanda uliosukwa wa kushonea mkeka, ni kazi ya vidole vya mtu mzima.

Anza na kuti bichi la mnazi. Chomoa ukuti mmoja, uupasue katikati utoe chelewa kwa kisu, zibaki pande mbili laini. Hapo mfanyie mdogo saa ya mkononi: unakunja upande mmoja juu ya mwingine, huku na huku, mpaka utokee mraba, kisha mikia inazungushwa kifundoni. Yeye kazi yake ni kushika ncha usikunjuke. Mkubwa ataweza kusuka pande tatu za ukuti kama nywele, na hiyo itamtosha siku nyingi.

Nilipokuwa mdogo niliketi na mama barazani, naye alikuwa akifumua kimya kimya nilichokosea, akinirudishia mkononi palepale nilipopotea. Hakunisukia. Nakuomba nawe usiwasukie.

Kama kuti hupati, kata karatasi nyekundu na nyeupe vipande vyembamba, uwafundishe moja juu, moja chini. Ni ukili uleule.

Fundi_Majengo

Mimi ni fundi cherehani, kwa hiyo nitasema la nguo. Waache watengeneze leso ya karatasi! Chukua karatasi kubwa ya kaki, mwonyeshe mtoto leso halisi: hili ni pindo linalozunguka, huu katikati ni mji, na hapa chini ya mji ndipo jina. Kisha achape. Bamia ikikatwa kwa upana inatoa ua la petali tano, zuri kuliko muhuri wa dukani. Kiazi unakichonga wewe kiwe korosho au nyota. Rangi ya maji ichanganye na uji mzito wa unga isitiririke.

Binti yangu alipofika kwenye jina alifikiri sana. Akaniambia niandike: BABA NJOO MAPEMA. Ninayo mpaka leo, iko ukutani dukani, wateja wananiuliza nani kaibuni.

Vipande vya kitambaa pia msinunue. Mafundi tunavitupa kila jioni, ombeni tu.

Mama_Bamburi

Na makombe ya baharini? Wangu wanapenda kuyabandika kwenye kadibodi.

Baba_Likoni

Dada, hapo niwe wazi. Ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Mombasa, ile iliyotengwa 1986 kuanzia upande wenu wa Nyali na Bamburi, kuokota makombe na matumbawe hairuhusiwi. Na hata nje yake, kombe tupu ni nyumba ya yule kaa mdogo anayehamia ndani ya makombe. Zaidi ya yote, kuna konokono wa baharini wenye kombe la umbo la pia, lenye madoa mazuri ya kumvutia mtoto, na akiwa hai anadunga sumu kali. Mtoto wa miaka 3 hawezi kutofautisha.

Msimu huu maembe yamejaa soko la Kongowea. Kokwa la embe lisugue, lianike siku tatu nne, zile nyuzi zitasimama kama nywele. Chora macho. Wangu ana simba wanne na bibi mmoja mwenye mvi.

Mama_Bamburi

Ahsante, sikujua la yule konokono. Basi makokwa. Na hina je? Viganja kwenye karatasi?

Bimkubwa_Kibokoni

Hina ya majani iliyosagwa nyumbani kwa kawaida haina neno. Piko usiwaguse nayo kabisa. Ile nyeusi ni dawa ya kutia nywele rangi, inachoma ngozi ya mtoto mpaka malengelenge. Nimeiona kwa mjukuu wa jirani baada ya harusi, na alama haikutoka upesi.

Umm_Wawili, Kisauni

Nimerudi baada ya siku tisa. Niwaambie ilivyokuwa.

Leso ilikuwa siku nzuri kuliko zote na siku chafu kuliko zote. Nilitandika magazeti sebule nzima, na bado nilikuta ua la bamia kwenye mlango wa choo. Binti ameitundika, lakini hataki kutengeneza nyingine. Anasema ameshamaliza.

Unga ndio umemshika mdogo. Kila asubuhi baada ya chai anauulizia, nami napata nafasi ya kupika. Siku ya nne ulianza kunata kama Baba alivyosema, nikafanya kama Mwalimu alivyosema, ukarudi sawa. Alionja mara moja. Uso alioukunja ulinitosha, lakini sijamwacha peke yake nao.

Kuti nililipata kwa mkata madafu, akanipa bure. Hapa niseme ukweli, Bi mkubwa: mwanzoni niliwasukia. Nilichoka kungoja. Binti akaniangalia akaondoka zake. Kesho yake nikashika upande mmoja tu, nikanyamaza. Alikosea mara nyingi sana. Mpaka adhuhuri alikuwa na ukili wa urefu wa kiganja, umelegea kama kamba ya kiatu, na amelala nao.

Kwa hiyo asubuhi unga, mchana kuti kwa mkubwa na makokwa kwa mdogo, na rangi ningoje mpaka nipate moyo tena. Majahazi tutafanya baba yao akirudi kutoka bandarini, kisu sikiwezi.

Bi mkubwa, swali: pande zangu za ukuti zinakauka na kujikunja kabla ya jioni. Nifanyeje?

Bimkubwa_Kibokoni

Zizungushie kitambaa kibichi, uziweke chini ya mtungi au mahali pa baridi, si friji. Na umwambie mkata madafu akupe kuti la katikati, lile changa la rangi ya maziwa. Hilo halivunjiki. Huyo binti nimempenda, mlete Kibokoni siku moja alete na ukili wake.

Umm_Wawili, Kisauni

Inshallah Jumamosi. Tutapanda matatu asubuhi kabla ya jua.