Mliowahi kufika Itsukushima, lile hekalu la Shinto (dini ya jadi ya Wajapani) la baharini kule kisiwa cha Miyajima, Japani, tupeane uzoefu

Kaskazi: Nimekutana na picha ya lile geti jekundu nikakumbuka mbali. Mimi nilifika maji yamekupwa, watu wanatembea matopeni mpaka chini ya nguzo. Kumbe hazijachimbiwa, geti limekaa kwa uzito wake tu tangu 1875. Nguzo kuu ni mti wa karafuu maiti.

MamaJuni: Bora wewe. Sisi mwishoni mwa 2019 tulikuta liko matengenezo, limezungushiwa jukwaa la mafundi juu mpaka chini. Nikapiga picha na turubai.

Dogo_Hiroshima: Acheni geti, mbona hamsemi kuhusu wale kulungu?? Nimeshuka kwenye feri zangu, naangalia mandhari, nasikia mfuko wa nyuma unavutwa, nikajua kibaka, kugeuka ni kulungu kashika bahasha yangu ina ramani na tiketi ya treni ya kurudi, mimi navuta huku yeye anavuta kule, wife badala ya kusaidia kakaa chini anacheka, watalii wanarekodi, bahasha ikachanika akabaki na kipande chenye tiketi, akatafuna ananiangalia machoni. Stesheni nikaeleza kwa ishara, nikaweka vidole kichwani kama pembe, yule mzee hata hakushangaa, akanionyesha mashine ya kununulia nyingine

Pweza: Kulungu 1, Mbongo 0 😂😂

AbuSalim: Swali kwa mlioingia ndani. Mnatupa sarafu, mnainama mara mbili, makofi mawili. Hiyo si shirki?

MamaJuni: Nililipa yeni 300 nikaangalia jengo nikatoka. Hakuna aliyenishika mikono nipige makofi.

Kaskazi: Pale mlangoni wananawa tu mikono na kusukutua. Hata kwa mama ntilie tunanawa.

AbuSalim: Usinipotoshe, mimi nimesema makofi

Pweza: Rudini kwenye kulungu bana

Mpemba_Og: Nendeni maji yakijaa, ndo hekalu lote linaonekana linaelea. Maji yakipwa unaona tope tu, tope hata kwetu lipo.

Kaskazi: Uongo, kupwa ndo kuzuri. Au wavizie bamvua, washinde kutwa, wapate yote.

Bi_Mkasi: Mnajua zamani kisiwani hapo ilikuwa marufuku kuzaa na kufa? Mjamzito na mgonjwa mahututi wanavushwa ng'ambo.

Mpemba_Og: Marufuku kufa halafu geti la karafuu maiti?? 😳

Pweza: Dogo, tiketi mpya uliiweka wapi?

Dogo_Hiroshima: Kwenye soksi