Mnawaambia wanaoanza wanunue lenzi mpya kabla hata ya kuwauliza wana darubini gani

Ndugu watazama nyota, salaam.

Nimelinyamazia jambo hili kwa miezi kadhaa, lakini juzi nimemwona tena mtu aliyenunua darubini yake ya kwanza akiuliza kwa nini Zohali inaonekana kama doa lenye ukungu, naye akajibiwa papo hapo na watu watatu, kila mmoja kwa uhakika wa hakimu, kwamba lenzi za jicho (zile ndogo za kuchungulia) zilizokuja na darubini ni takataka, kwa hiyo azitupe na anunue nyingine. Hapana hata mmoja kati yao aliyetaka kujua kioo chake kina kipenyo gani, urefu wa fokasi (umbali kutoka kioo hadi pale mwanga unapokusanyika) ni upi, vioo vimesawazishwa vikaelekeana barabara au la, wala darubini ilikaa nje kwa muda gani kabla ya kutazamiwa. Jibu lilikuwa tayari kabla ya swali, na ndilo jibu lile lile nililopewa mimi.

Darubini yangu ni ya kioo cha milimita 130, yenye urefu wa fokasi wa milimita 650, na ilikuja na lenzi mbili za jicho, ya milimita 25 na ya milimita 10. Nilipolalamika kwamba sayari hazionekani vizuri, nilishauriwa ninunue seti nzima ya lenzi za aina ya Plössl, zile zinazouzwa ndani ya mkoba mmoja pamoja na vichujio vya rangi na lenzi ya Barlow, ile ya kuzidisha ukuzaji, yangu ikiwa ya mara mbili. Nilikuwa mgeni wa mambo haya, nikatii.

Sasa naomba tufanye hesabu ambayo washauri wangu hawakuifanya. Ukuzaji hupatikana kwa kugawa urefu wa fokasi wa darubini kwa ule wa lenzi ya jicho, kwa hiyo lenzi zangu za awali zilikuwa zikikuza mara 26 na mara 65. Ndani ya mkoba ule mlikuwa na lenzi ya milimita 9, ambayo kwenye darubini yangu inakuza mara 72. Yaani nilitoa fedha ili nitoke mara 65 niende mara 72, tofauti ambayo ni vigumu jicho kuitambua. Mlikuwa na lenzi ya milimita 40, inayokuza mara 16 na kutoa mwali wa mwanga wenye upana wa milimita 8, ilhali mboni ya mtu mzima hata gizani kabisa hufunguka kama milimita 7 hivi, na kwa wengi wetu ambao ujana umeshatupa mkono haifiki hapo. Mwanga wa ziada unaishia kwenye sehemu ya jicho inayoizunguka mboni. Isitoshe, katika bomba la milimita 31.7, ambalo ndilo la kawaida kwa lenzi hizi, Plössl ya milimita 40 haionyeshi sehemu kubwa zaidi ya anga kuliko ile ya milimita 32 iliyokuwa pembeni yake mkobani.

Ilibaki ya milimita 6, ambayo kwa hesabu ndiyo iliyonifaa, kwa kuwa inakuza mara 108. Lakini mimi navaa miwani, na Plössl hulitaka jicho likae umbali wa takriban asilimia 70 ya urefu wake wa fokasi, maana yake kwa lenzi hiyo ni milimita 4 tu. Kope zangu ziliipangusa lenzi usiku kucha. Mtu mwenye tatizo la kuona mbali au karibu tu anaweza kuvua miwani na kurekebisha fokasi, lakini mwenye astigmatizimu, yaani jicho ambalo uso wake haukupinda sawasawa pande zote, kama langu, hana ujanja huo. Swali moja tu, “Je, unavaa miwani?”, lingeniokoa.

Nilipoiweka lenzi hiyo pamoja na Barlow nikafikisha ukuzaji wa mara 217, Zohali ilikatiza kwenye uwanda wa kuona kwa muda usiotimia dakika moja, stendi ikitikisika kila nilipoigusa, na doa likawa doa kubwa zaidi. Nilirudi kwa washauri. Nikaambiwa ninunue lenzi bora kuliko hizo.

Chanzo cha yote kilikuwa kioo kikuu kilichoinama kidogo upande mmoja, pengine tangu kiliposafirishwa. Niligundua kwa bahati, nilipoielekeza darubini kwenye nyota angavu na kuitoa kwenye fokasi, nikaona miduara ya mwanga imesukumwa upande mmoja badala ya kuzungukana kwa kituo kimoja. Kusawazisha vioo kulinichukua jioni moja, kwa bisibisi na uvumilivu, bila kununua chochote. Usiku uliofuata niliitoa darubini nje nusu saa kabla, ili kioo kipoe na kulingana na hewa, kisha nikaweka ile ile lenzi ya milimita 10 iliyoitwa takataka. Pete za Zohali zilionekana zimeachana na sayari, kwa giza jembamba kati yao pande zote mbili. Sioni haya kusema kwamba nilifurahi na kukasirika kwa wakati mmoja.

Sisemi kwamba lenzi zote zinazokuja na darubini ni nzuri. Ziko darubini ambazo zinauzwa na lenzi ya milimita 4 iliyoandikwa H au SR, miundo ya karne nyingi zilizopita yenye lenzi mbili sahili, pamoja na Barlow ya mara tatu, na kwenye boksi pameandikwa kwa herufi kubwa kwamba inakuza mara 525. Chukua darubini ya lenzi ya milimita 70 yenye urefu wa fokasi wa milimita 700, ndiyo inayokuza hivyo kwa hesabu hiyo, ilhali kikomo chake cha maana ni kama mara 140, yaani maradufu ya kipenyo kwa milimita, tena hewa ikiwa tulivu. Huyo mwambieni aiweke kando lenzi ya milimita 4 na Barlow yake. Lakini kuweka kando si kununua, na ile lenzi yake ndefu, ya milimita 20 au 25, huenda ikamfaa mwaka mzima kwa Mwezi, Kilimia na ile miezi minne mikubwa inayoizunguka sayari ya Mshtarii.

Kuna hoja ambayo najua itakuja, kwamba lenzi hudumu na mtu huhama nazo kutoka darubini moja hadi nyingine. Ni kweli, bomba ni lile lile. Ila lenzi inayopendeza kwenye darubini ndefu yenye uwiano wa fokasi (urefu wa fokasi ukigawanywa kwa kipenyo) wa 10 inaweza kuharibu nyota za pembeni kwenye darubini fupi yenye uwiano wa 5 kama yangu, na kile kimkia cha nyota kinachoonekana ukingoni hutokana hasa na umbo la kioo chenyewe, kwa hiyo hakuna Plössl itakayokiondoa. Mimi nilizilaumu lenzi tatu mpya kwa kosa ambalo halikuwa lao. Na hilo jina, ambalo wengine wanalitaja kama muhuri wa ubora, ni la muundo tu: jozi mbili za lenzi zilizobandikwa, alizozibuni Georg Simon Plössl huko Vienna mwaka 1860. Muundo huo mtu anaweza kuutengeneza vizuri au vibaya.

Baada ya miezi mitano nilinunua lenzi moja tu, ya milimita 6 yenye uwanda wa nyuzi 66 na nafasi ya kutosha kwa miwani yangu, kwa sababu wakati huo nilikuwa najua ninachokikosa: nilitaka kuukaribia mpasuko wa Cassini, ule mwanya mweusi ndani ya pete za Zohali, na mara 65 hazikutosha. Hata hiyo hutumika usiku ambao hewa imetulia, ambao si mingi.

Kwa hiyo wale watatu waliomjibu yule ndugu juzi, nawaomba mrudi kwake mmuulize kipenyo, urefu wa fokasi, miwani, na kama amewahi kuitazama nyota iliyotolewa kwenye fokasi. Na mwenzangu yeyote mwenye darubini ya urefu wa fokasi unaozidi milimita 1,000, ninayo hapa lenzi ya milimita 40 isiyo na kazi.