Naomba ushauri: mashine ya msasa wa mkanda ya bei nafuu kwa kutengeneza visu nyumbani

Chuma_Springi (Morogoro)

Heshima kwenu wakuu. Natafuta mashine ya msasa wa mkanda kwa ajili ya visu, kazi ya jioni na wikiendi, si biashara. Chuma ni springi bapa za gari zilizonyooshwa, unene mm 4 hadi 5, na visu vyenyewe vina bapa la sm 10 hadi 18. Kwa sasa natumia grenda ya mkono na tupa. Bajeti ni laki sita, ikiwemo mikanda ya kuanzia. Umeme wa nyumbani ni fezi moja.

Nimeona njia tatu: mashine ndogo ya mezani ya mkanda wa inchi 1 kwa 30, ile ya inchi 4 kwa 36 yenye sahani ya msasa ubavuni, na fundi anayesema anaweza kunichomelea ya inchi 2 kwa 72. Ipi inafaa? Na nikiagiza mashine ya Marekani ya volti 110 nikaiwekea transfoma, itafanya kazi vizuri?

tupa_na_jiliwa

Mkuu, anza na mkanda kabla ya mashine. Mashine unainunua mara moja, mikanda utainunua muda wote. Nenda maduka ya misasa ya viwandani, uliza wana mikanda ya urefu gani kwa ajili ya chuma, na kama wanaunganisha kwa urefu unaotaka. Maduka mengi ya vifaa vya ujenzi yana mm 75 kwa 533 na mm 100 kwa 610 tu, ambayo ni ya mashine za mkono za maseremala. Inchi 1 kwa 30 ni mm 25 kwa 762, na inchi 2 kwa 72 ni takriban mm 50 kwa 1830. Ukikosa mahali pa kupata mikanda ya mashine yako, hiyo mashine itakaa chini ya meza.

Ya volti 110 achana nayo. Transfoma inashusha volti lakini haigusi hezi (idadi ya mizunguko ya umeme kwa sekunde). Mota ya hezi 60 ikiingia kwenye umeme wetu wa hezi 50 inapungua kasi kwa sehemu moja ya sita na inachemka zaidi.

Makali_Mbele

Nakuunga mkono kuhusu mikanda. Naongezea kwa nini ile ndogo ya inchi 1 kwa 30 itamchosha kwa chuma cha mm 5.

Eneo la msasa la mkanda wa mm 25 kwa 762 ni kama sentimita za mraba 190. La mm 50 kwa 1830 ni 915, karibu mara tano. Sasa tazama joto. Mkanda mfupi ukienda mita 13 kwa sekunde, kila punje ya msasa inarudi kwenye chuma mara 17 kwa sekunde. Mkanda mrefu ukienda mita 9 na kidogo, punje inarudi mara 5. Kati ya mguso mmoja na mwingine ina muda wa kupoa. Ndiyo maana mkanda mfupi hupoteza makali upesi, na mkanda uliopoteza makali haukati, unasugua na kuchoma chuma.

Mota za mashine hizo ndogo mara nyingi ni wati 250 tu. Ukikandamiza, inasimama. Usipokandamiza, mkanda wa seramiki haufanyi kazi, kwa sababu punje zake zinahitaji mgandamizo ili zivunjike na kutoa ncha mpya. Kwa hiyo unabaki na mikanda ya oksidi ya alumini, na kazi inakwenda polepole.

Bado ina nafasi yake: visu vya mm 3 vyenye bapa la sm 10, kusawazisha mipini, kunoa. Ukiichukua, angalia bamba linaloegemewa na mkanda kwa nyuma. Mara nyingi ni bati jembamba linalopinda ukisukuma, na mteremko wa makali unatoka na tumbo. Libadilishe kwa kipande cha chuma bapa cha mm 6 kilichosawazishwa.

Ya inchi 4 kwa 36 ni ya seremala. Mkanda mpana na fremu yake vinakuzuia kufika pale mteremko unapoishia karibu na mpini. Ile sahani ya ubavuni ni nzuri kwa kunyoosha ubao wa mpini, basi.

Jembe_Halisi

Mimi sioni haja ya mashine kwa visu viwili kwa mwezi. Grenda ya mkono ya inchi 4½ yenye sahani ya msasa wa majani namba 60 (namba ya ukubwa wa punje) inatoa umbo, kisha tupa ya sm 30 ikipitishwa kwenye fito mbili zenye pembe maalumu inatoa mteremko ulionyooka kuliko mkono wa mgeni kwenye mkanda. Laki sita zote zingeingia kwenye jiko la kutia chuma ugumu. Kisu chenye mteremko mzuri lakini chuma laini ni pambo.

Makali_Mbele

Jembe_Halisi, kwenye ugumu una haki kabisa. Ila tupa inafanya kazi kabla ya chuma kutiwa ugumu tu. Baada ya hapo inateleza, na mm 0.5 hadi 1 uliyoacha kwenye makali ili yasipinde wala kupasuka lazima iondolewe kwa msasa. Hapo mkanda unaokoa saa nyingi.

Kerezo_NBI (Nairobi)

Kwa bajeti hiyo, jengewa ya inchi 2 kwa 72, bora umwelekeze fundi mwenyewe. Huku Kamukunji, na hapo Dar maeneo ya Gerezani, mafundi wa kuchomelea na kukereza ni wengi. Shida ni kwamba wengi hawajawahi kuitengeneza, kwa hiyo mpelekee vipimo.

Fremu: bomba la mraba la mm 50 kwa 50 unene mm 4, na mkono wa mm 40 kwa 40 unaoingia ndani yake. Nafasi ya ndani ni mm 42, kwa hiyo mkono unateleza na bolti ya juu inaukaza. Ukichukua unene wa mm 5 nafasi inabaki 40 kamili na hauingii. Ndani ya bomba kuna mshono wa kiwandani uliovimba. Upigwe tupa kwanza, la sivyo mkono utakaa kimshazari na mkanda hautatulia kamwe.

Gurudumu la mota: alumini, kipenyo mm 125, upana mm 50, uso ulionyooka. Mwambie fundi wa kerezo akereze tundu na uso wa nje bila kulitoa gurudumu kwenye kerezo. Akilitoa akaligeuza katikati ya kazi, halitakuwa na kitovu kimoja, na utasikia mtikisiko kwenye kila kisu. Lifungwe kwa kabari na skurubu mbili, moja juu ya kabari na nyingine digrii 90 kutoka hapo.

Gurudumu la juu ndilo linaloelekeza mkanda. Hili liwe na mgongo, katikati pawe juu kuliko kingo kwa takriban mm 1. Magurudumu mengine yote yawe bapa, maana migongo ikiwa miwili au mitatu inashindana. Beringi tumia namba 6202 zilizofungwa kwa mpira pande zote, mbili kwa kila gurudumu. Zenye kifuniko cha chuma hupitisha unga wa msasa.

Mkono wa springi unaokaza mkanda uwe na mwendo wa angalau sm 5. Mikanda ya maduka tofauti haifanani urefu.

Bamba la kuegemea: usiweke chuma laini peke yake, kitachimbika. Kipande cha springi kilichotiwa ugumu na kusawazishwa kinadumu. Wengine hubandika juu yake kioo cha seramiki cha mm 6 kinachostahimili joto.

Chuma_Springi (Morogoro)

Asanteni sana, nimeelewa kwa nini ile ndogo hainifai. Nimepata mota mbili za mtumba. A: ya kompresa, fezi moja yenye kapasita, kW 1.5, mizunguko 2,850 kwa dakika, ina matundu ya hewa. B: fezi tatu, kW 1.5, mizunguko 1,420, imefungwa, shafti mm 24, kibao kinasema 220/380. Nichukue ipi?

Fezi_Tatu

A usiichukue. Mota yenye matundu inavuta hewa ndani ipoze nyaya, na hewa ya mashine hii imejaa unga wa chuma. Unga unakaa kwenye swichi ya kuwashia na kwenye nyaya, siku moja inalipuka. Pia 2,850 ni kasi kubwa kwa anayeanza: kwa gurudumu la mm 125 unapata mita 18.7 kwa sekunde. Kosa dogo linachimba shimo kabla hujainua mkono.

B ni nzuri. Hesabu: 3.14 × 0.125 × 1,420 ÷ 60 = mita 9.3 kwa sekunde. Lakini kwa fezi moja unahitaji VFD, kile kidhibiti kinachopokea volti 220 fezi moja na kutoa 220 fezi tatu. Hapo ndipo watu wanapokosea:

Kibao cha 220/380 maana yake nyaya za mota ziunganishwe kwa mtindo wa delta, si sta, ukitumia VFD ya 220. Fungua kisanduku, vile vibati vitatu vya shaba visimame wima sambamba. Vikilala mstari mmoja ni sta, na mota itakosa nguvu. Kibao kikisema 380/660, mota hiyo haikufai.

VFD iwe ya kW 2.2 ingawa mota ni 1.5. Upande wa kuingilia, mzigo ukijaa, inavuta kama ampea 14, kwa hiyo plagi ya ampea 13 itayeyuka polepole. Vuta laini yake yenyewe, waya wa mm² 2.5 na breka ya ampea 20, na waya wa ardhi ufike kwenye mwili wa mota. Ingiza kwenye VFD ampea zilizoandikwa kwenye kibao. Usiweke swichi kati ya VFD na mota. Zima na washa kwa VFD yenyewe.

Ukiwa na VFD, hezi 20 zinakupa mita 3.7 kwa sekunde za kumalizia makali na mpini, hezi 75 zinakupa 14 za kukata kwa nguvu. Chini ya hezi 20 usikae muda mrefu, feni ya mota inakuwa polepole mno kuipoza. VFD ikae ukutani nyuma yako, mbali na cheche, ndani ya kisanduku kilichofungwa.

Kama hela ya VFD haipo, tafuta fezi moja iliyofungwa, kW 1.1, mizunguko 1,400 na kitu, yenye alama S1 kwenye kibao. S1 ni ya kazi mfululizo. S2 inahitaji kupumzishwa.

Mama_Mpingo

Mmesahau mapafu. Barakoa ya kitambaa haitoshi, nunua ya mpira yenye vichujio vya P3 au P100 (daraja za kuzuia vumbi laini), na uitengee hela kwenye bajeti kabla ya mikanda. Vumbi la mpingo linawasha ngozi na njia ya hewa, usilidharau kwa sababu ni mti wa kwetu.

Weka ndoo ya maji chini ya mkanda inakoangukia cheche. Usivute vumbi la mbao na cheche za chuma kwa mashine moja, vumbi la mbao linashika moto likiwa ndani ya mfuko na unaweza kugundua baada ya saa nzima. Glavu za kitambaa zikae mbali. Mkanda ukizishika unavuta na vidole. Mkono mtupu pia unakuambia joto: kisu kikishindikana kushikika, ndoo ya pili, ya kupozea, iwe karibu. Baada ya kutia ugumu, makali yakibadilika rangi ya bluu yamefika karibu nyuzi 300, yamelainika, na dawa yake ni kurudia ugumu upya.

Chuma_Springi (Morogoro)

Nimeamua B. Fremu, magurudumu na mota mwezi huu, VFD ikifuata miezi miwili mbele, nikiendelea na tupa kama alivyosema Jembe_Halisi. Barakoa naichukua kesho, dada. Swali la mwisho: mikanda ya kuanzia ni ipi na mingapi?

tupa_na_jiliwa

Mitatu ya seramiki namba 36 au 40, miwili ya oksidi ya alumini namba 120, miwili 240, mmoja 400. Wa 36 ukipoteza makali usiutumie kwenye chuma kilichotiwa ugumu, ubakize kwa mbao. Mkanda ukiwa na mshale upande wa ndani, ufuate, maana ukiugeuza kiungio kinaweza kuachia. Ukiwa na VFD, washa kwa kasi ndogo kwanza, uuelekeze utulie, ndipo uongeze. Na mikanda itundike kwenye bomba nene mahali pakavu, si kwenye msumari, inapata kikunjo na kukatikia hapo.