Naomba ushauri: madirisha yanatiririka maji, ukutani ukungu mweusi (Winnipeg)

Mama Nasra
Wakuu, habari za humu. Tuko Winnipeg, Kanada, nyumba ya kupanga, watu sita. Tangu Desemba madirisha yanatiririka maji, asubuhi nakuta barafu nene chini ya kioo. Juzi nimevuta kitanda cha watoto, nyuma ukuta mweusi kwa ukungu. Basimenti kuna sanduku linanguruma kutwa, wanaliita HRV. Linavuta hewa ya nje na nje ni -25, nikalizima bili isipande. Nimekosea? Kitinda mimba anakohoa usiku.

Fundi Bomba
Pole dada. Liwashe leo hii. HRV ni kifaa cha kubadilisha hewa ya nyumba bila kupoteza joto lote. Ndani yake mna vijia vyembamba vilivyopangana: hewa chafu yenye joto inatoka kwa huku, safi ya baridi inaingia kwa kule. Hazichanganyiki, ila ile inayotoka inaiachia joto inayoingia. Ndani 21, nje -25, kifaa kikiokoa asilimia 75 ya joto, hewa inakufikia ikiwa karibu 9 au 10. Ukifungua dirisha unapokea -25 yenyewe. Nyumba za kwetu Tanga zina matundu juu ya madirisha, upepo unapita bure. Za huku zimezibwa kote; mvuke wa watu sita utatokea wapi?

Msafiri wa Kigoma
Kwanza toa filta uzioshe kwa maji ya uvuguvugu, zikauke ndipo urudishe. Halafu zunguka nje ukague tundu la kuvutia hewa, langu lilizibwa na theluji wiki nzima. Likibadilisha mlio dakika chache usishtuke, linayeyusha barafu yake.

Bi Zuhura
Mwanangu, nguo unaanika ndani? Acha. Maharage yachemke yamefunikwa. Nunua kipima unyevu. Kwa baridi hii kikae kwenye asilimia 30 hivi. Kitanda kiache ukuta kidogo. Mtoto mpeleke kwa daktari, na mwenye nyumba umwandikie, usimwambie kwa mdomo tu.

Mama Nasra
Asanteni sana. Filta zilikuwa blanketi la vumbi, nimezishika nikaumia moyo. Tangu jana usiku linafanya kazi, kipima kimeshuka toka 52 hadi 41. Daktari ni Alhamisi. Hewa haitakauka mno?

Fundi Bomba
Midomo ikianza kupasuka punguza kasi. Usizime.