Simu ikiganda, kwa nini ushauri wa kwanza uwe kufuta kila kitu?

Ndugu wanajukwaa, naandika uzi huu nikiwa na hasira na sitaificha. Wiki 3 zilizopita simu yangu iliganda asubuhi. Nikaazima simu ya mama, nikapiga namba ya huduma kwa wateja ya kampuni iliyoitengeneza, na kabla mazungumzo hayajafika nusu saa, picha za miezi 14 zilikuwa zimekwisha kufutwa, kwa mkono wangu mwenyewe na kwa maelekezo yao. Leo najua kwamba simu ile haikuwa na ubovu wowote uliolazimu kufutwa hata picha moja.

Nieleze ilivyokuwa. Saa ya kwenye kioo ilisimama 6:42. Mshale wa saa ya ukutani ulipofika saa mbili asubuhi, kioo kilikuwa bado kinawaka na bado kinaonyesha 6:42, nami natelezesha kidole juu yake bila jibu. Nilipoipiga kwa simu ya mama, iliita na kutetema mezani, ila haikukubali kupokelewa. Jambo hilo peke yake lingemtosha mtu anayeijua kazi yake, kwa sababu simu inayoita haijafa: inapata mtandao, ina chaji, na kilichokwama ni programu iliyo mbele au sehemu ya mfumo inayopokea mguso wa kioo. Nilimweleza mhudumu hayo mara mbili. Hakuniuliza swali hata moja juu yake, wala hakuniuliza kama nina nakala ya picha zangu mahali pengine.

Aliniambia nishikilie kitufe cha kuongeza sauti pamoja na cha kuwasha mpaka kioo kizime na nembo itokee, nisiachie mpaka nione orodha ya maandishi madogo kwenye kioo cheusi, kisha nishuke kwa kitufe cha kupunguza sauti hadi kwenye mstari wa kufuta data zote na kurejesha mipangilio ya kiwandani. Nikamuuliza kama hakuna njia nyingine. Akajibu kwamba hiyo ndiyo njia ya uhakika.

Hapa ndipo hasira yangu ilipo. Ili kufika kwenye orodha ile, simu ilikuwa lazima kwanza izimike na kuanza upya, na ilizimika, nami nilikiona kioo kikizima na nembo ikitokea. Maana yake ni kwamba ule mgando ulikwisha pale pale. Kwenye orodha yenyewe kulikuwa na mstari wa kwanza kabisa unaosema washa mfumo upya, na kama angeniambia niuchague huo, simu ingewaka na picha zangu zote zikiwamo. Dawa ilikuwa imekwisha kufanya kazi, akaniamuru niendelee hadi kwenye kufuta.

Picha zenyewe hazikuwa za sherehe. Mama ana shinikizo la damu, na kila asubuhi baada ya kumpima nilipiga picha kioo cha mashine pamoja na namba zake 3, ya juu, ya chini na ya mapigo ya moyo, ili daktari aone mwenendo wake kabla na baada ya kubadilishiwa dawa. Miadi ilikuwa wiki iliyofuata, na tulikwenda mikono mitupu. Nimepita kwa mafundi 2 wa simu na wote wamenieleza jambo moja kwa uaminifu: simu za siku hizi huhifadhi data zikiwa zimefungwa kwa ufunguo wa siri, na mipangilio ya kiwandani ikirejeshwa ufunguo huo hufutwa, hivyo hata kilichobaki ndani hakisomeki tena.

Halafu siku ya 5 simu ikaganda tena, ikiwa tupu vile vile. Safari hii mpwa wangu aliishika, akabonyeza kitufe cha kupunguza sauti na cha kuwasha kwa pamoja, akahesabu polepole hadi 10, ikazima na kuwaka bila kupoteza kitu. Kisha akaiwasha katika hali salama, ambayo kwenye simu nyingi za Android hupatikana kwa kufungua menyu ya kuzima na kushikilia neno la kuzima mpaka iulize. Katika hali hiyo programu ulizopakua mwenyewe hazifanyi kazi. Simu ikakaa siku nzima bila kuganda. Tuliporudi katika hali ya kawaida na kuondoa programu moja ya kupamba kioo, ambayo nilikuwa nimeirudisha mwenyewe baada ya kufuta, tatizo likaisha, na halijarudi hadi leo.

Kwa hiyo kufuta kila kitu hakukuponya chochote.

Najiuliza pia kwa nini njia hii ya kuwasha upya kwa vitufe haichapishwi kwenye kile kikaratasi cha ndani ya boksi. Zamani simu ikigoma ulifungua mfuniko wa nyuma, ukatoa betri, ukairudisha, na hakuna aliyehitaji kufundishwa. Sasa betri zimefungiwa ndani, na kitufe cha kuwasha kimepewa kazi nyingine, kwani kwenye simu nyingi ukikishikilia humwita msaidizi wa sauti badala ya kuizima. Aliyefunga mlango wa kwanza ana wajibu wa kuonyesha wa pili, tena mlango huo haufanani kwa simu zote. Kwenye iPhone 8 na za baada yake unabonyeza na kuachia haraka kitufe cha kuongeza sauti, kisha cha kupunguza, halafu unashikilia cha pembeni mpaka nembo itokee. Kwenye Samsung unashikilia cha kupunguza sauti na cha pembeni kwa zaidi ya sekunde 7. Kwenye Pixel, simu za Google, unashikilia cha kuwasha kwa takriban sekunde 30, na watu wengi huachia kwenye sekunde ya 10 wakidhani imeshindikana. Hakuna hata moja kati ya njia hizi inayofuta data, isipokuwa pengine maandishi ambayo hukuwa umeyahifadhi.

Kioo kikiwa cheusi kabisa, iache kwanza kwenye chaja unayoiamini kwa nusu saa au saa nzima, kwa sababu betri iliyokwisha kabisa hufanana na simu iliyokufa. Ikiwa ya moto, vua kava na uiweke kivulini, wala usiitie kwenye friji, kwa maana unyevu utaingia ndani.

Najua wapo watakaoniuliza kwa nini sikuwa na nakala. Nilikuwa nazo mpaka nafasi ya bure ya akaunti yangu ya mtandaoni ilipojaa, zikasimama, nami sikufuatilia. Kosa hilo ni langu na nalikubali. Lakini mtu aliyeajiriwa kupokea simu za wateja waliokwama anajua kwamba wengi wetu tuko hivyo, na swali la "je, una nakala?" huchukua sekunde 2.

Nimeiandikia kampuni barua yenye madai 2: swali hilo liulizwe kabla ya agizo lolote la kufuta, na vitufe vya kuwasha upya kwa lazima vichapishwe kwenye karatasi ya ndani ya boksi. Nimejibiwa kwamba mipangilio ya kiwandani ni "hatua ya kawaida". Naomba aliyewahi kupewa agizo kama langu aandike hapa aliambiwa nini, kwa mpangilio gani, na kama aliulizwa habari ya nakala, ili niyaambatanishe maelezo hayo na barua ya pili.