Dolpo mwezi wa nane, inawezekana?

Wakuu, nataka kwenda Dolpo kule Nepal Agosti ila naambiwa ni msimu wa mvua. Kilimanjaro nilishafika juu, inatosha?

— Agosti poa tu mkuu, Dolpo iko nyuma ya milima ya Dhaulagiri, mvua nyingi inaishia kusini. Kimbembe ni ndege ya Nepalgunj kwenda Juphal, uwanja wa kuingilia Dolpo, hali ya hewa ikichafuka hairuki, weka siku za akiba.

— Kili unapanda unashuka bana, kule unalala juu siku na siku. Ukishapita mita 3,000 usipandishe kambi zaidi ya 500 kwa siku, na kijijini Ringmo pale ziwa Phoksundo pumzika kutwa nzima hata kama unajiona fiti.

— Ukianza kuyumba kama mlevi, huo ni ugonjwa wa mwinuko, shuka hapohapo, usingoje kukuche!

— Kibali cha Dolpo ya juu kinapitia kwa wakala, mwenyewe hupewi.